Nyama Hai Huanzia Kwenye Nyasi

Mtu wa Liwatoni aliyezoea kuyatazama maji ya Kilindini anaijua kazi ya kusi. Upepo ukichacha, vyombo vidogo hubaki pwani na miamba ikapata kupumzika. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walikwenda mbele zaidi: mwaka 2005 walitenga hekta 30 za bahari zisivuliwe kabisa, na samaki wakarudi. Ranchi inayotaka kuuza nyama hai, yaani ya mifugo iliyofugwa bila kemikali za viwandani, ina la kujifunza hapo: kinachopumzishwa hurudi.

Kuna mambo mawili ambayo huchanganywa. Ufugaji hai umejengwa juu ya makatazo: mbolea za viwandani, homoni za kunenepesha, antibiotiki kwa mnyama asiyeumwa. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Ufugaji wa kurejesha ardhi, kwa upande wake, hupimwa kwa udongo: je, mwaka huu una uhai zaidi ya mwaka jana? Ranchi yaweza kuyatii makatazo yote na ardhi yake ikabaki kipara.

Kipara hicho hutokana na nini? Ng'ombe wakiachwa mahali pamoja, huchagua nyasi tamu, huzila, na zikichipua huzirudia. Kila jani likiliwa, mzizi hutoa akiba yake kuotesha jingine. Akiba ikiisha, nyasi hufa, ardhi huwa ngumu, na mvua ya masika hupita ikichukua udongo. Tiba yake ni kundi lilishwe pamoja siku chache, kisha lihame, na lisirudi mpaka mizizi ipate nguvu.

Wafugaji wetu hawakuanza jana kuhamahama. Boma la usiku likihamishwa huacha samadi, na huko kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, watafiti wameona mahame ya maboma yakibaki na nyasi bora kwa miongo ya miaka.

Ugumu wa kwetu ni kupe na mbung'o. Ranchi za Taita Taveta na Galana ziko katika nchi ya wadudu hao. Mwenye ranchi akiacha josho ghafla kwa kukimbilia alama ya Kilimohai, ndigana kali iletwayo na kupe itammalizia ndama. Aanze na chanjo, na aangalie mbegu ya ng'ombe. Utafiti uliofanywa Galana miaka ya 1980 ulionyesha kuwa Boran wa Waorma hustahimili nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, kuliko Boran wengine waliokuwa ranchini humo.

Kisha kuna hesabu ya fedha. Katika kipindi cha mpito mfugaji hubeba gharama za ufugaji hai, ilhali nyama yake bado haina alama, basi huiuza kwa bei ya kawaida. Ndiyo maana nashauri nyasi zitangulie na cheti kifuate. Nyasi hulipa hata bila cheti: ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na malisho ya akiba ndiyo humvusha ng'ombe kiangazi.

Nasi tunaonunua tuna sehemu yetu. Tukifika buchani, baada ya kuuliza bei ya kilo, tuulize pia ng'ombe huyu alilishwa wapi, na nyasi alizokula zilipumzishwa siku ngapi.