Nyigu, Kimelea na Mwandani: Istilahi za Kupambana na Wadudu wa Miti

Mfasiri hutatizwa zaidi na neno lililokwisha kuwapo, lakini lenye kazi nyingine, kuliko neno lisilokuwapo kabisa. Natumchukue bwana miti wa Babati, mkoani Manyara, atakiwaye kuwaandikia wanakijiji ukurasa mmoja juu ya nundu za mikaratusi na juu ya njia ya kuzizuia kwa mdudu mwingine. Wenye miti watauliza kama wakate au wangoje, na jibu watalitafuta katika maneno yake.

Mharibifu mwenyewe, ambaye wataalamu humwita Leptocybe invasa, asili yake ni Australia. Alitambuliwa Kenya na Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2005. Ni nyigu wa urefu wa milimita 1 na ushei. Jike hutaga katika vikonyo na katika mshipa mkuu wa jani changa. Hapo mmea hufura kumzunguka buu, machipukizi hupindika, na mche hudumaa. Kwa Kiingereza uvimbe huo huitwa kwa neno lile lile liitalo nyongo, na mfasiri mwenye haraka aweza kuutia mti nyongo usiyokuwa nayo. Nundu yatosha.

Shida ya kwanza ni kwamba mdudu audhuruye mti ni nyigu, na auokoaye ni nyigu vile vile. Selitrichodes neseri, aliyetolewa Australia na kuachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012, hutaga ndani ya nundu, na buu wake humla buu aliyemkuta humo. Mkulima asomaye kwamba dawa ya nyigu ni nyigu ana haki ya kushangaa, maana nyigu amjuaye yeye ni yule wa kiota cha darini, aumaye. Hivyo mharibifu yafaa aitwe nyigu wa nundu tangu sentensi ya kwanza, asibadilishiwe jina.

Na huyu mwokozi je? Wengi humwita kimelea. Neno hili latokana na kumelea, yaani kumea juu ya kingine, nalo ni neno zuri. Lakini katika maandishi ya afya vimelea ndivyo viletavyo malaria. Isitoshe, kupe na mnyoo humnyonya mwenyeji wao bila haja ya kumwua, ilhali buu wa nyigu huyu hakui ila mwenyeji afe. (Mwenyeji, nalo, hapa lachekesha kidogo: hakumkaribisha mtu.) Mtu aweza kuunda kiuamwenyeji kwa kufuata kiuadudu. Muundo wake hauna kasoro, ila kiua- imezoeleka kwa dawa za kunyunyiza, na msomaji ataiulizia dukani. Napendelea kimelea-mwuaji vitabuni, na nyigu mla-mabuu katika waraka wa kijijini.

Gumu zaidi ni la bakteria. Ndani ya mwili wa nyigu wa nundu huishi bakteria wa jamii ya riketsia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, juu ya nyigu wa pande za Mediterania, uliwahusisha bakteria hao na uzazi usiohitaji dume: jike huzaa majike. Basi jike mmoja aliyesafiri na mche aweza kuanzisha kizazi kizima. Kuwaita bakteria rafiki ni kupotosha. Rafiki wa nani? Si wa mti, wala wa mkulima. Katika vidukari imekwisha kuthibitika kwamba baadhi ya bakteria wa namna hii humwua buu wa nyigu aliyetagwa mwilini mwa mwenyeji wao, wakamponya mharibifu. Kiswahili kina mwandani, neno libebalo usuhuba na ndani kwa pamoja. Tuseme bakteria mwandani, na kila mara tumtaje mwenziwe: mwandani wa nyigu wa nundu, mwandani wa kidukari.

Kwa istilahi hizo bwana miti wetu aweza kuandika hivi: “Nundu hizi hutokana na nyigu wa nundu. Jike wake huzaa bila dume, kwa hiyo msihamishe miche yenye nundu. Nyigu mla-mabuu ni mdudu mwingine: haumi watu, wala hali miti.”