Muundo katika Uandishi wa Makala Ndefu

Hudhaniwa kwamba mwandishi akiisha kukusanya habari, lililobaki ni kuzinakili tu. Mfano wa John McPhee wa Marekani wakanusha dhana hiyo. Mwaka 1966, baada ya utafiti wa miezi minane juu ya misitu ya Pine Barrens, alijilaza mezani chini ya mti kwa karibu majuma mawili, asijue aanzie wapi. Hatimaye alianza na mwenyeji mmoja, Fred Brown, ambaye mada nyingi zilimhusu. Aidha, kwa miaka mingi alizoea kupiga taipu habari zake zote, kuzikata vipande kwa makasi na kuzipanga kimada kabla ya kuandika.

Hatuna budi kuwafunza wanafunzi wetu upangaji huo. La sivyo, tasnifu zao zitabaki maghala ya habari yasiyo na hoja.