Uyoga Wenye Kikombe na Swali la Saa Ngapi

Mvua za kwanza zikinyesha katika misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia na Katanga, huchipuka uyoga mkubwa mweupe, wenye pete shinani na kikombe laini kilichofichwa udongoni. Pegler na Piearce waliupa jina Amanita zambiana mwaka 1980. Huliwa, tena hupendwa.

Tatizo ni ukoo wake. Jenasi hiyohiyo ya Amanita inao Amanita phalloides, uyoga muuaji wa Ulaya uliosafiri na miti ya kigeni hadi Afrika Kusini, ambako huota chini ya mialoni. Nao una pete, kikombe na spora nyeupe. Kwa hiyo kanuni ya Wazungu kwamba kikombe ni dalili ya sumu haimfai mlaji wa miombo. Na mazoea ya miombo yaweza kumuua mtu huyohuyo akihamia ugenini. Ile imani ya kuchemsha uyoga pamoja na kijiko cha fedha haistahili hata kujadiliwa.

Anayetaka kuutambua uyoga auchimbue mzima. Akiukata, ameiacha ardhini sehemu inayoutaja ukoo wake. Kofia ilazwe juu ya karatasi usiku kucha ili idondoshe spora, kisha hadubini ifanye kazi yake: zikitiwa iodini, spora za phalloides hugeuka rangi ya buluu-kijivu, ilhali za Amanita loosii, uyoga wa miombo wenye rangi ya chungwa, hazigeuki. Penye maabara kubwa, vinasaba humaliza ubishi.

Mgonjwa, hata hivyo, hawezi kusubiri maabara. Sumu ya phalloides, amatoksini, haiharibiwi kwa kupikwa. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa 6 au zaidi, kisha hufuata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Ndiyo maana swali la kwanza la mhudumu liwe: mlikula saa ngapi? Aliyechelewa kutapika asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ameacha kuhara. Ini lake lipimwe, tena lirudiwe kupimwa. Na aliyetapika mapema bado yumo hatarini ikiwa chungu kilikuwa na uyoga wa aina kadhaa.

Ndugu wa mgonjwa walete mabaki, hata maganda na vishina vilivyotupwa jalalani, vikiwa vimefungwa kwa karatasi. Katika mfuko wa plastiki huoza kabla ya kufika hospitali.