Kabla ya kununua MG ya zamani, piga magoti

Kuna watu ambao wakikutana barabarani na gari dogo jekundu, fupi kama kiatu, lisilo na paa na lenye magurudumu ya spoki mfano wa baiskeli, husimama kando wakasahau kabisa walikokuwa wakienda. Hao ndio wagonjwa wa magari ya spoti ya Kiingereza. Ugonjwa huo haujapata dawa, na yule anayeutibu kwa pupa aweza kujikuta amemeza karo ya watoto ya mwaka mzima kwa siku moja, kisha akabaki na gari lisiloweza kutoka langoni.

Makala haya hayakusudii kumzuia mtu. Mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Lakini chongo la gari kuukuu lina bei yake, na ni heri mnunuzi alione mapema, fedha zikiwa bado mfukoni.

Magari yenyewe ni mengi. Kuna Triumph TR6 iliyotengenezwa kati ya 1968 na 1976, kuna Austin-Healey 3000, kuna Lotus Elan yenye bodi ya faiba, na kuna Jaguar E-Type iliyowashangaza watu katika maonyesho ya Geneva mwaka wa 1961 na ambayo leo tuwaachie matajiri. Hata hivyo, kwa anayeanza, gari ambalo wajuzi wengi humwelekeza ni MGB. Nasi tutalishika hilo.

Herufi MG zatokana na Morris Garages, gereji ya William Morris mjini Oxford. Meneja wake, Cecil Kimber, ndiye aliyeanza katika miaka ya 20 kuyavisha magari ya kawaida ya Morris bodi nyepesi za kuvutia vijana. Mwaka wa 1929 kazi hiyo ilihamishiwa mji mdogo wa Abingdon, na kiwanda hicho kikaendelea hadi kilipofungwa mwaka wa 1980. MGB ilitolewa mwaka wa 1962 na ya mwisho ikatoka kiwandani humo mwaka huo huo wa 1980. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 500,000, na sehemu kubwa ilivuka bahari hadi Marekani.

Wingi huo ndio baraka ya mnunuzi wa leo. Spea zake bado zatengenezwa, kuanzia nati hadi viti. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima mpya, kwa kutumia vyombo vya kiwanda cha zamani. Ni magari machache ya umri huo yanayoweza kujisifu hivyo.

Injini nayo haina miujiza. Ni ya silinda nne, ujazo wake sentimita 1798, na ni ya ukoo mmoja na injini zilizokuwa katika Austin Cambridge na Morris Oxford, magari ambayo babu zetu wanayakumbuka vizuri. Nguvu yake ni kama farasi 95, na kasi yake haipiti sana kilomita 160 kwa saa. Kwa maneno mengine, Toyota ya mwalimu wa shule ya msingi yaweza kuipita mlimani bila kutoa jasho. Asiyeweza kuvumilia aibu hiyo asinunue.

Adui ni kutu

Sasa tufike penye uchungu. Wanunuzi wengi wakienda kutazama gari la aina hii hufungua boneti kwanza. Hutazama injini, husikiliza mngurumo, hukaa kitini wakashika usukani, na hapo akili huwa imekwisha kuruka. Wangefaa kuvaa nguo kuukuu, kuchukua tochi na kupiga magoti.

MGB haina fremu ya chini iliyo mbali na bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Katika aina isiyo na paa, nguvu kubwa ya kuizuia isipinde katikati imo katika mbavu mbili zinazopita chini ya milango, kulia na kushoto. Kila ubavu umeundwa kwa mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja na kuacha uwazi ndani. Maji na matope huingia humo, hukaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoona lengelenge dogo la rangi nje, ujue ndani karamu ilikwisha zamani.

Muuzaji mjanja hashindwi na hilo. Huchukua bati jipya jembamba akalifunika lile bovu, akachomelea pembezoni, akajaza fila, akapaka rangi inayong'aa. Gari hupendeza kama bibi harusi. Lakini mfupa haupo.

Njia ya kumnasa ni rahisi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, kisha ipitishe polepole ubavuni, chini ya milango na sehemu ya chini ya mabawa ya mbele, nyuma ya gurudumu. Penye bati itashika; penye fila itaanguka. Halafu tazama nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi. Ikiwa juu ni nyembamba na chini ni pana, au kinyume chake, uliza kwa nini. Mwishowe omba gari liinuliwe kwa jeki mahali pake panapostahili, kisha ufungue na kufunga mlango. Mlango ukikwama ilhali ulipokuwa chini ulifunga vizuri, gari hilo limepinda mgongo, na usikubali kuambiwa kwamba ni bawaba tu.

Inua zulia pia. Nyuma ya viti kuna visanduku vya betri. Magari yaliyotengenezwa kabla ya 1974 yalikuwa na betri mbili za volti 6 humo, na asidi iliyomwagika miaka hiyo yote imetoboa sakafu nyingi. Usisahau mahali springi za nyuma zinaposhikana na bodi.

Kwa nini tunalikalia jambo hili? Kwa sababu kuutengeneza mgongo ulioliwa ni kazi ya wiki nyingi kwa fundi hodari, na gharama yake mara nyingi huzidi thamani ya gari zima. Si hayo tu. Ukianza kukata mbavu hizo bila kwanza kuifunga bodi kwa vyuma vya kuishikilia, yaweza kujikunja papo hapo, na hapo milango haitafunga tena. Injini iliyochoka ni afadhali mara mia. Injini hutolewa, hufunguliwa, hurudishwa. Kwa hiyo, kati ya gari lenye bodi nzima na injini mbovu, na lile lenye injini nzuri na bodi mbovu, chagua la kwanza bila kusita.

Injini, gia na giza la Lucas

Fika kwa muuzaji bila kuchelewa, na kabla ya salamu kwisha weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ni moto, basi gari limewashwa mapema ili shida ya kuwaka likiwa baridi isionekane. Injini ikishapata joto, geji ya mafuta ya injini yafaa kuonyesha kama pauni 50 mwendoni, na isishuke chini ya 15 gari likiwa limesimama. Moshi wa samawati nyuma ni dalili kwamba mafuta yanapita penye pete za pistoni au vali.

Kabureta ni mbili, za aina ya SU, na sharti zipumue sawasawa. Mafundi wa zamani walikuwa na kipande cha mpira, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, wakisikiliza sauti ya hewa ya kila moja kama daktari asikilizavyo kifua. Mafundi hao wanapungua. Vijana wengi wa gereji siku hizi wamezoea injini zinazoongozwa na kompyuta, na wakiona SU hushika bisibisi na kuzungusha kila kinachozunguka. Mwenye MG sharti amtafute fundi wake kabla ya kuitafuta MG.

Katika magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967, gia ya kwanza haiingii vizuri gari likiwa mwendoni. Hiyo si hitilafu, ndivyo lilivyoundwa. Ikiwa lina ovadraivu, hakikisha inashika, maana ndiyo inayolipa gari pumzi katika safari ndefu. Magurudumu ya spoki nayo hupendeza picha lakini yana mambo yake. Gonga spoki moja moja kwa kalamu. Zote zapaswa kulia sauti moja. Kisha endesha kinyumenyume na usonge mbele ghafla. Ukisikia mlio wa chuma kikigonga chuma, meno ya kitovu yamelika.

Kuhusu umeme, Waingereza wenyewe wana utani kwamba kampuni ya Lucas, iliyotengeneza taa na waya za magari hayo, ndiyo mfalme wa giza. Ni utani wa haki kiasi. Lakini taa nyingi zinazofifia baada ya miaka 50 kosa lake ni miunganisho iliyoshika kutu, na karatasi ya msasa yatosha. Jambo la kuangalia ni gari lililopita mikononi mwa wapenda kujifanya mafundi, ambapo utakuta waya nyekundu imeungwa na nyeusi, nyeusi imeungwa na kamba.

Petroli ni suala jingine. Injini hizi ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo Uingereza iliiondoa mwaka wa 2000 na Kenya mwaka wa 2006. Muulize mwenye gari kama viti vya vali vilibadilishwa vikawekwa vigumu. Akikujibu kwa kutazama pembeni, umepata jibu.

Bampa za mpira

Mwishoni mwa 1974 MGB ilivuliwa bampa zake za kung'aa, ikavishwa nyeusi kubwa za mpira na kuinuliwa kama inchi moja na nusu, ili kutimiza sheria za Marekani. Wapenzi walilia. Kona, ambazo gari lilizikata vizuri, likaanza kuzilalia. Hadi leo magari hayo ya baadaye huuzwa bei ya chini kuliko yale ya bampa za kromu. Kwa maoni yetu, dharau hiyo ni neema kwa mtu asiye na fedha nyingi, kwani mitambo ni ile ile.

Na kuna MGB GT, yenye paa la bati na mlango wa nyuma, iliyotokea 1965. Nayo huwa nafuu kuliko isiyo na paa. Nyuma ina kijikiti ambacho mtoto mdogo aweza kukunjika humo kwa safari fupi. Baba anayetaka kumshawishi mama watoto aanzie hapo, ingawa mama akiuliza mifuko ya hewa ya kuzuia ajali iko wapi, ukweli ni kwamba haipo, na hapo baba atahitaji hoja nyingine.

Ununuapo Uingereza, kuna cheti kinachotolewa na hazina ya kumbukumbu katika jumba la British Motor Museum, Gaydon. Chaonyesha gari lilitengenezwa lini, lilikuwa la rangi gani, na lilipelekwa nchi gani. Ni vyema namba zake zilingane na zile zilizo kwenye gari. Magari mengi yamerudishwa kutoka majimbo makavu ya Marekani, na aghalabu bodi zake ni nzima, ila usukani ulikuwa kushoto na lazima uone jinsi ulivyohamishwa.

Lakini Mkenya asikimbilie kuagiza. Kwa kawaida viwango vya serikali haviruhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililopita miaka 8, na MGB changa kabisa ina zaidi ya miaka 40. Hivyo afadhali atafute zile zilizokwisha kuwamo nchini tangu zamani. Gari lililoishi nyanda za juu huwa na bahati kuliko lililolala Mombasa likipigwa na upepo wa chumvi. Kitabu cha gari sharti kiwe na jina la muuzaji mwenyewe, wala si la marehemu mjomba wake. Halafu apime matuta ya mtaani kwake, maana chini ya MG ni karibu sana na ardhi.

Mahali pazuri pa kuyaona yakiwa hai ni Ngong Racecourse, Nairobi, siku ya mashindano ya Africa Concours d'Elegance, ambayo yalianza mwaka wa 1970. Wenye magari hayo hupenda kuulizwa. Mwanafunzi mwenye adabu akiomba kuonyeshwa mbavu za chini ya mlango badala ya usukani, mwenye gari atajua mara moja kwamba anazungumza na mtu anayejua anachokitafuta, na huenda akamwambia ni nani mtaani kwao ana nyingine iliyofunikwa turubai tangu watoto walipoenda ng'ambo.