Pombe inavyojikumbusha ubongoni

Pombe kali, iwe gongo ya Kasulu au lutuku waliyoijua Wakongo kabla ya kuvuka Ziwa Tanganyika na kufikia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania iliyofunguliwa mwaka 1996, huvunjwa na ini. Kwanza huwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha aseteti, ileile ya kwenye siki. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa ikifungwa: aseteti huunguzwa, mwili ukapata nguvu, basi.

Mtafiti Philipp Mews hakuiacha hesabu hiyo ipite. Katika maabara ya Shelley Berger, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwapa panya pombe yenye haidrojeni nzito ili ifuatiliwe popote itakapokwenda. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2019. Alama ya haidrojeni hiyo ilikutwa ubongoni, hasa katika hipokampasi inayotunza kumbukumbu, imebandikwa kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka. Kimeng'enya ACSS2 ndicho kinachoiandaa aseteti kwa kazi hiyo. Palipobandikwa, DNA hulegea na jeni za kujifunza husomwa zaidi. Yaani pombe yenyewe huleta malighafi ya kuikumbuka pombe! Panya wa kawaida walipenda kurudi upande wa kizimba walikopewa kilevi. Waliopunguziwa ACSS2 hawakuujali. Aliyeacha kunywa, akapita karibu na kilabu koo likamkauka ghafla, ana la kujiuliza hapo. Zito zaidi ni hili: kwa panya wenye mimba, alama ilifika hadi kwenye ubongo wa watoto tumboni.

Alama za aseteti kwenye histoni hutoka upesi. Za methili, zinazoshika DNA yenyewe, ni kaidi: katika damu ya walioacha, baadhi hurejea kawaida baada ya wiki kadhaa, nyingine hubaki. Methili hutegemea foleti ya mboga za majani na maharage, na pombe huizuia isifyonzwe vizuri. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa WFP kambini Nyarugusu ulishuka hadi nusu. Anayeacha pombe kwa sahani hiyo atapona kwa kasi gani?

Ulevi si mwandishi pekee wa alama hizi. Mtafiti Connie Mulligan na wenzake walichunguza akina mama 25 na vichanga vyao mjini Goma, mashariki ya Kongo. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilihusisha dhiki ya vita ya mama na methili kwenye NR3C1 ya mtoto, jeni inayoongoza mwitikio wa mwili kwa msongo. Familia nyingi za Nyarugusu zilikimbia kutoka mashariki hiyohiyo ya Kongo. Vita na chupa vikikutana katika mwili mmoja, ni vigumu kusema alama ipi ni ya nani.