Kuchonga silinda hedi nyumbani: anayeanza aanzie wapi?

Kijiweni utaambiwa kwamba pikipiki ikishindwa mlima, dawa ni kuchonga hedi. Video za kuonyesha kazi hiyo zimejaa kwenye simu, na grenda ndogo ya mkono unaweza kuazima kwa fundi. Lakini kagua kwanza chujio la hewa, nafasi za valvu na ringi. Pikipiki nyingi zinazokosa nguvu zinaumwa hapo, na hedi haina kosa.

Kama bado unataka kujifunza, elewa unachokwenda kukigusa. Silinda hedi ina njia mbili: moja huingiza hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, nyingine hutoa moshi kwenda kwenye eksozi. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya kuingizia hufunguka mara 50 kila sekunde. Kwa muda mfupi hivyo, kinundu kilichoachwa na kiwanda au gasketi iliyochomoza ndani ya tundu huikwaza hewa.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani tundu kubwa ndiyo nguvu. Fikiria mpira wa kumwagilia: ukiubana mdomo kwa kidole, maji yanaruka mbali, ukiachia, yanadondoka karibu na miguu yako. Njia ikipanuliwa mno, hewa hupita polepole wakati injini inazunguka taratibu, na petroli haichanganyiki vizuri. Pikipiki ya mashindano, inayokimbia kwa mizunguko ya juu muda wote, inaweza kufaidika. Ya boda yenye abiria na gunia la mkaa itapoteza ile nguvu ya kuondokea, ambayo ndiyo inayokupa riziki.

Kwa hiyo anayeanza asipanue. Aondoe vinundu tu na kulinganisha matundu. Weka gasketi mpya mahali pake, chora ukingo wake kwa msumari, kisha ondoa kile tu kinachozidi mstari. Njia ya kuingizia usiifanye kioo, maana matone ya petroli hushika ukuta laini na kuteremka kama jasho. Msasa namba 80 unatosha. Njia ya moshi ndiyo ya kung'arisha, ili masizi yasigande upesi.

Usianze na hedi unayoitegemea. Tafuta iliyokufa kwa wauza vyuma chakavu, ichonge, halafu ikate katikati kwa msumeno uone unene wa kuta. Utashangaa jinsi zilivyo nyembamba sehemu nyingine, na ukitoboa hiyo hujapoteza siku ya kazi.

Hedi nyingi ni za aluminiamu, ambayo huziba jiwe la kusagia. Tumia kichwa cha kukatia chenye meno, ukikigusisha kwenye mshumaa mara kwa mara ili kisizibe. Vaa miwani na barakoa. Siti ya valvu usiiguse kabisa: grenda ikiteleza hapo mara moja tu, kompresheni inavuja na hedi inakwenda kwa fundi mwenye mashine.

Ukimaliza, osha kwa maji ya sabuni na brashi, suuza, kausha, rudia. Chembe za msasa zikibaki zitakwangua silinda na ringi. Rudisha valvu, kisha mimina mafuta ya taa kidogo kwenye tundu, mbali na moto. Yakipenya kwenda upande wa pistoni, valvu haijakaa sawa, usifunge.

Baada ya safari chache fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo kuliko hewa inayoingia. Usiendelee kuibeza, kwani pistoni huweza kuungua. Mwone fundi akuwekee jeti kubwa kidogo kwenye kabureta.