Mshahara wa Kwanza Baada ya Kusota

Umetafuta kazi Lodwar hadi viatu vikaisha, na sasa umeitwa Kakuma, kama kilomita 120 kwa matatu. Hongera!

Kwanza, chunga. Mwajiri wa kweli haitishi pesa ya fomu wala ya kukushikia nafasi. Ukipata meseji kama hiyo, usitume kitu. Ipeleke kwa 333.

Pili, mshahara wenyewe. Ukiingia kwa M-PESA, deni la Fuliza hukatwa lenyewe, kabla hata hujaushika. Kwa hivyo angalia salio ndipo umwahidi mama karo ya mdogo wako. Tenga nauli na chakula hadi mwisho wa mwezi. Mwenye duka aliyekukopesha mlipe kidogo kidogo, lakini usimkimbie: alikuamini ukiwa huna kitu.